Mwanamvua na Mteja wa Jua la Utosi

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yako wapi?

Hapa, bibi.

Na midomo?

Tumeifunga.

Mmeifunga na bado naisikia. Haya, kaeni. Wewe Mbaruku acha kuchokonoa jamvi, utalimaliza lote kabla sijafika kwenye zimwi. Ndiyo, zimwi lipo. Msinikimbize.

Basi, hapo zamani palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanamvua. Mume alimwacha, akarudi kukaa peke yake katika nyumba ya marehemu bibi yake. Hakuwa na shamba, hakuwa na mbuzi. Alichokuwa nacho ni mikono, na mikono ile ilijua kitu kimoja tu: mkate wa kumimina.

Akiloweka mchele jioni, asubuhi anausaga kwa tui la nazi, anatia hamira na iliki, anaacha rojo liumuke. Kisha moto chini, moto juu. Ukitoka, umevimba, mwekundu juu, mweupe ndani. Mimi mwenyewe hapa mate yananitoka.

Akasema, "Nitapika mkate, niuze, nile." Lakini bibi yake alikuwa amemlea kwa neno moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanamvua akalishika neno lile kama lilivyo. Akaona haya kusimama njiani kunadi mkate. Akaona haya hata kutamka neno "nauza".

Alifanya nini? Alikata mkate, akaupanga kwenye sahani, akafunika kawa, akawapelekea majirani. Akabisha hodi, akatoa sahani, akatabasamu, akaondoka. Alidhani wakishaonja watakuja wenyewe kununua.

Nyinyi mnajua desturi yetu. Sahani ya jirani hairudi tupu. Basi sahani ya kwanza ikarudi na ndimu. Ya pili ikarudi na bamia. Ya tatu ikarudi na ndimu tena. Kila mtu alisifu mkate, kila mtu alishukuru, na hakuna aliyenunua. Baada ya siku chache Mwanamvua alikuwa na kapu zima la ndimu, na mchele umebaki kibaba.

Akakosa raha. Akawa kiguu na njia, jikoni mlangoni, mlangoni jikoni. Akisikia nyayo, anachungulia. Ni mbuzi. Akisikia tena, anachungulia. Ni upepo na mlango wa watu. Akafagia ua, akaufagia tena ulipokuwa safi, akaufagia mara ya tatu. Moyo wake haukutulia hata kwa muda wa kumeza mate.

Siku moja, jua la utosi, saa ile ambayo mtaa mzima umejilaza na hata kuku wamejificha kivulini, akasikia hodi. Akafungua. Amesimama mwanamume mrefu, kanzu nyeupe pe, ananuka majivu ya zamani.

"Mwanamvua, mkate wangu uko tayari?"

"Mkate wako, baba? Mimi sikujui."

"Mimi nakujua. Ipo mingapi?"

"Saba."

"Naichukua yote. Sharti langu ni moja. Mlango huu usimfungulie mwingine."

Akamtilia fedha mkononi. Mwanamvua alifurahi, jamani, alifurahi mpaka akakaa chini. Hakunadi, hakuomba, na mkate umekwisha. Akasema, "Bibi yangu alisema kweli." Akanunua mchele, akapika tena.

Siku ya pili, jua la utosi. "Mwanamvua, mkate wangu uko tayari?" Akataka kumi, akalipa kidogo kuliko jana. Majirani walipokuja kurudisha sahani, Mwanamvua hakufungua. Wakagonga, wakachoka, wakaenda zao. Wakasema, "Mwanamvua siku hizi ana maringo."

Siku ya tatu, jua la utosi. "Mwanamvua, mkate wangu uko tayari?" Yule mtu akainama kuchukua sinia. Mwanamvua akaona kisogo chake. Kwenye kisogo palikuwa na mdomo wa pili, meno mawili mawili, na mdomo ule ulikuwa unatafuna mkate kabla sinia halijanyanyuka.

Sogea huku, Mwanaisha, usilie. Halijafika kwako.

Mwanamvua akaling'ang'ania sinia. Akasema, "Na malipo, baba?"

Zimwi likacheka kwa midomo miwili. "Malipo yako ni kwamba bado unapumua. Kesho nataka kumi na minne. Ikipungua, nitajaliza kwa nyama yako."

Likaenda. Mwanamvua akapekua mtungi wa mchele, akapekua kapu, akapekua hata mvunguni. Mchele uliokuwapo ulitosha mikate tisa. Aliuloweka, maana afanye nini? Usingizi haukumkaribia. Asubuhi akasaga akilia, akamimina akilia, akapalia makaa akilia. Tisa ikatoka. Akaihesabu, tisa. Akaihesabu tena kama vile itaona huruma na kuzaana. Tisa.

Ukuta wa jikoni kwake ulipakana na wa jirani yake, Bi Kidawa, mtu mzima, mdomo mkali kama mimi. Bi Kidawa akasema kutoka upande wa pili, "Weye Mwanamvua. Harufu hiyo itaniua siku si zangu. Unampikia nani kila siku?"

Mwanamvua akashindwa kujizuia. "Nampikia zimwi, Bi Kidawa. Na leo litanila, mkate hautoshi."

Kisha Bi Kidawa akauliza, "Na sisi watu, kwa nini hutupikii?"

"Nyinyi hamnunui."

"Ulituambia lini kwamba unauza?"

Mwanamvua akaanza kuihesabu mikate tena.

"Uliniletea sahani," Bi Kidawa akasema, "nami nikakurudishia na ndimu, kama nilivyofunzwa. Jirani akikuletea sahani utamtolea pesa? Si utakuwa umemtukana? Mwanangu, sisi tulidhani unatupenda tu. Hebu toka nje useme."

"Naona haya, Bi Kidawa."

"Haya, kaa na haya yako uliwe."

Basi Mwanamvua akaweka sinia kichwani, akatoka. Akasema, "Nauza mkate," na hata yeye mwenyewe hakujisikia. Akasema tena, "Nauza mkate," aliyesikia ni kuku mmoja tu. Mara ya tatu akafumba macho, akapaza:

"Nauza mkate wa kumimina! Wa moto, wa iliki, nauza mimi Mwanamvua!"

Dirisha likafunguka. Mlango ukafunguka. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe unauza? Mimi nina wageni Ijumaa, nataka miwili." Mwingine akasema, "Nikatie kipande hapa hapa." Watu wakajaa mpaka Bi Kidawa akaanza kuwapanga mstari kwa kuwapiga kwa ukili wa mkeka aliokuwa akisuka.

Jua likafika utosini, na leo hakuna aliyelala. Zimwi likaja, kanzu nyeupe pe.

"Mwanamvua, mkate wangu uko tayari?"

Watu wote wakageuka wakalitazama. Zimwi, wanangu, humla mtu aliye peke yake. Penye macho ya watu meno yake hayaumi. Mwanamvua akasema, "Unauzwa, baba. Kwa kila mtu."

Bi Kidawa akaongeza, "Na mstari unaanzia kule nyuma."

Zimwi halijawahi kuambiwa hivyo tangu kuumbwa. Likaenda nyuma. Mkate ukaisha kabla halijafika. Siku ya pili likapanga mstari, mkate ukaisha, kanzu ikalipwaya. Siku ya tatu lilipofika mbele lilikuwa limekonda, halimzidi urefu Mbaruku huyu.

"Mwanamvua," likasema kwa sauti ndogo, "mkate wangu..."

"Kipande kimoja," akasema Mwanamvua. "Ulipe kwanza."

Halikuwa na kitu. Likageuka, likaenda zake na njaa yake. Mwanamvua akamwita mtu aliyekuwa nyuma ya zimwi, akamkatia.

Lakini halikufa, msije mkasema nimewaficha. Mpaka leo hupita mitaani jua la utosi, linanusa milango iliyofungwa, linatafuta mpishi mwenye haya.

Hadithi yangu imeishia hapo; aliyeshiba na ashukuru, ambaye hakushiba akapike chake. Na funzo lake ni hili: ukiwa na kitu cha kuuza, kitaje mbele za watu. Ukikaa nacho ndani ukisubiri mteja mmoja akununulie vyote, huyo mmoja atakula vyote, na vikipungua, atajaliza kwa nyama yako.