Magunia ya Bibi Tabea

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi wetu twaisema methali hii huku nyufa zetu zikitukodolea macho. Bibi Tabea wa Kitandililo, Makambako, alikuwa bingwa wa kuisema.

Mjukuu wake Fidelia, mwenye umri wa miaka saba, aliporuhusiwa kutoka hospitali alikokuwa akitibiwa saratani ya damu, furaha ya bibi ilikuwa haisemeki. Alimtandikia kitanda katika chumba cha magunia ya mahindi, kilichopakana na jiko. Kwa baridi ile ya Juni, hakuna mgeni aliyepewa heshima kubwa zaidi.

Stella, mama wa mtoto, alimwacha Fidelia nje akiota jua, akachungulia chumbani na kusita. Alieleza kwa adabu kwamba daktari amewakataza vumbi la nafaka na ukungu. Bibi Tabea alinuna. Mahindi yake yawe na ukungu? Yeye aliyeyaanika wiki tatu akipigana na kuku wa kijiji kizima? Akamwambia mkwewe kwamba mjini kumemfunza dharau.

"Mama," Stella alisema, machozi yakimlengalenga, "dawa zimeishusha kinga yake. Ukungu unaotupigisha chafya tu sisi, yeye unaweza kumea mapafuni mwake. Mtoto wa kitanda cha pili ulimpata, na tumemwacha akipumua kwa mashine. Sikudharau. Namtaka mwanangu."

Ili kumkomesha, bibi alimwita mwanawe Lenard avute gunia la chini kabisa. Lilipojitenga na ukuta, lo! Mahindi yalikuwa yameota manyoya ya kijani. Bibi akashika mdomo.

Alasiri hiyohiyo bibi alihama chumba chake mwenyewe, akakipiga deki na kumpisha mjukuu. Tangu hapo akawa mlinzi mkali. Katekista alipofika na mafua, aliachwa dirishani, akatoa salamu yake ya "kamwene" akiwa hukohuko, na Fidelia akacheka hadi mbavu zikamuuma.

Mwaka wa pili ulipokatika, matibabu yaliisha, mapafu yakiwa safi. Fidelia alikimbia uani akimkimbiza jogoo, na bibi alicheza mpaka kitenge kikamdondoka. Kisha akamshika Stella mkono, akakiri mbele ya majirani kwamba miaka yote ile methali ilikuwa mdomoni mwake tu, na mkwewe ndiye aliyemwonyesha maana yake: usipoziba ufa, utajenga ukuta.