Hatua Mia Saba na Kumi na Mbili

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu, muione njia nyembamba ya Japani ya zamani. Karibu na lango la mji kuna daraja, na baada ya daraja ngozi za farasi zimewambwa zikauke. Hapo ndipo alipoishi bibi mmoja, Otane, katika kitongoji cha watengeneza ngozi. Watu wa mjini walikalia matandiko yaliyotoka kwenye mikono hiyo, lakini wenye mikono hiyo waliitwa wachafu, kwa kuwa waligusa mizoga.

Siku hizo njia haikuwa na kipimo. Asubuhi moja akaja mpimaji wa mtawala, Genzaburo, akivuta kamba yake kutoka langoni. Otane alifagia mbele ya mlango, akafurahi kwamba leo na wao watapimwa. Lakini alipovuka daraja, mpimaji aliikunja kamba, akaziba pua, akapita kitongoji chote. Baada ya nyumba ya mwisho, akaikunjua tena.

Otane alidhani amesahau. Akamfuata, akainama, akamwuliza kwa upole.

"Hapa hakuna kitu cha kupima," alijibu, wala hakugeuka.

Ufagio ulimdondoka Otane. Alizitazama nyumba kumi na tisa, moshi wa jikoni, wajukuu wake wakifukuzana. Kudharauliwa alikuzoea. Hakujua kwamba hawapo kabisa.

Mbali nje ya mji, kipimo kilipoishia, likasimamishwa jiwe lililoandikwa: hatua elfu tisa mpaka langoni.

Usiku mmoja wa majira ya baridi, Genzaburo alirudi akihesabu hatua kutoka kwenye jiwe lake mwenyewe. Alipomaliza hatua elfu tisa, lango halikuwepo, na theluji ilikuwa imemfika magotini. Akagonga mlango wa kwanza aliouona, akauliza yuko wapi.

"Si ulisema hapa hakuna kitu, bwana?" alisema Otane. "Sasa umegonga nini?"

Otane akampisha, akamketisha karibu na moto.

Kulipokucha alimsindikiza hadi langoni, akihesabu kwa sauti hatua za kitongoji: mia saba na kumi na mbili. Genzaburo aliinamisha kichwa. Alisema jiwe hathubutu kuligusa, atafukuzwa kazi.

"Basi tutahesabu wenyewe," alisema Otane.

Na tangu siku hiyo, watoto wa kitongoji kile wakipita njia yao huhesabu kwa sauti kubwa, kutoka darajani hadi nyumba ya mwisho. Jiwe bado linasema elfu tisa. Mkiyasahau mengine yote, wanangu, tafadhali ikumbukeni hesabu yao.