Kindi, Kiboko na Miti Inayolala

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo pakawa ya watu walioshiba? Semeni tena. Paukwa!

Pakawaaa!

Pakawa Kindi mwenye digrii na hana kazi. Pakawa Kiboko mwenye kazi za kugawa na hana haya. Kaeni vizuri, msikie.

Basi, Kindi alisomea miti. Akasoma mizizi, akasoma majani, akasoma magome, akahitimu, picha ikapigwa, joho likarudishwa. Kisha akarudi kukaa kwa mama yake, ndani ya tundu dogo, kichwa ndani, mkia nje. Mvua ikinyesha, mkia unalowa. Kila asubuhi mama anauliza, "Mwanangu, leo vipi?" Kila asubuhi anajibu, "Bado, mama." Hata jibu lenyewe lilikuwa limemchosha.

Siku moja Kanga, mbea wa mto mzima, akapita akipiga kelele. "Jamani! Bosi Kiboko anataka wa kumpandia miti ya hariri ukingoni! Miti ya urembo! Ikipendeza, aliyeipanda anapewa kazi na ule mkuyu wenye tundu kubwa!"

Kindi huyo, tiki tiki tiki, mpaka mtoni.

"Shikamoo, Bosi."

"Marahaba. Una experience?"

"Nina digrii, Bosi."

"Digrii tundika ukutani. Experience?"

"Hata ukuta sina, Bosi. Na hiyo experience nitaipata wapi, ikiwa kila mtu anaitaka na hakuna anayeitoa?"

"Hapa hapa. Utaanza kwa kujitolea. Opportunity hiyo, kijana. Miti ikipendeza, tundu lako."

Kujitolea! Kindi akalimeza neno hilo kama dawa ya minyoo, akaanza kazi.

Mbegu ya mti wa hariri ina ganda gumu kuliko moyo wa mwajiri. Kindi akaikwaruza kwa jino, kwaru, kwaru, kwaru. Akailoweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka ikavimba. Akaifukia pale pale itakapoishi, penye jua, kando ya ule mkuyu, maana mti huo una mzizi mrefu na hautaki kuhamishwahamishwa. Akamwagilia kwa gamba la konokono, chwa, chwa, chwa. Mtoni, ukingoni. Ukingoni, mtoni.

Miti ikaota. Ikatanua matawi kama mwavuli, majani mepesi kama manyoya ya kifaranga. Ukipita chini yake mchana unasahau hata ulikuwa unamdai nani ugomvi.

Lakini mchana Kiboko haonekani. Jua linamchoma ngozi, kwa hiyo kutwa amejilaza majini, pua tu juu. Hutoka jua likishazama, aende kula nyasi. Na mti wa hariri, jua likizama, hufunga majani yake, jani kwa jani, ukalala. Ndivyo ulivyoumbwa.

Jioni, gubwiii! Kiboko akatoka. Akatazama. Majani yote yamejikunja.

"Imekufa! Rudia!"

"Haijafa, Bosi. Imelala."

"Mti unalala? Nani kaupa ruhusa?"

"Njoo uione mchana, Bosi."

"Mchana niko kwenye kikao."

Kindi akapanda mingine. Kwaru, kwaru, kwaru. Chwa, chwa, chwa. Jioni, gubwiii! "Imekufa! Rudia!" Akapanda mingine tena. Gubwiii! "Imekufa! Rudia!" Ukingo mzima ukajaa miti mpaka mkuyu ukawa katikati. Meno ya Kindi yakawa butu. Tundu lipo pale pale, tupu, buibui anastarehe.

"Bosi, nakuomba, nisikilize!" Kindi akachora jani mchangani, likiwa wazi, likiwa limejikunja. Kiboko akapiga mwayo, mdomo kama geti.

"Hizo ni theory. Mimi naamini ninachokiona. Miti imekufa, kazi hakuna, tundu hakuna. Kesho anza upya."

Kindi akarudi kwa mama. Mvua ikanyesha, mkia ukalowa. "Vipi, mwanangu?" Safari hii hakujibu "bado." Alisaga meno yake butu. "Imekufa, eh? Sawa. Basi tuizike."

Kesho yake jioni, wanyama wote wamekuja kunywa maji, Kindi akaketi chini ya miti, akaangua kilio. "Uwiii! Uwiii! Bosi, ulisema kweli! Mimi na digrii yangu ndio wajinga. Imekufa! Na kilichoiua kimo ndani ya udongo, kinatambaa, kinaelekea kwenye nyasi zako!"

Kiboko, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka majini, akasimama, mguu mmoja hewani. "Nyasi zangu?"

"Zote, Bosi. Mwenye ukingo huu atakula hasara."

"Mwenye ukingo nani? Si mimi! Nyie mnaokunywa, sikilizeni! Kuanzia leo ukingo huu ni wa Kindi. Miti yake, udongo wake, ugonjwa wake!"

"Udongo sawa, Bosi, lakini mkuyu, please! Unakunywa udongo huo huo. Usinilaze mle ndani!"

Kiboko akatabasamu. Alipenda sana kuombwa. "Utalala humo humo! Wewe, na watoto wako, na wajukuu wako! Mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitikia wote, na Kanga akasikia kuliko wote.

Kindi akaingia tunduni akilia, hii, hii, hii. Mkia nao ukaingia, wote, na nafasi ya kujigeuza ikabaki. Kilio kikawa kikohozi, kikohozi kikawa kicheko. Akajiziba mdomo kwa mkia. Kulipokucha akaenda kumchukua mama.

Mvua zilipokatika miti ikachanua. Maua ya rangi ya waridi, nyuzi nyuzi laini, nyuki zzzz! Kila mnyama aliyetaka kivuli alimwamkia Kindi kwanza.

Jioni moja Kanga akamwambia Kiboko, "Bosi, umeona maua ya Kindi?" Kiboko akaja, akasimama mbali, pumzi ameibana asiambukizwe. Akakodoa macho. Majani yamejikunja. Juu yake vitu vyenye manyoya manyoya.

"Ona sasa," akasema. "Imeota mpaka ukungu."

"Kweli kabisa, Bosi," akaitikia Kindi kutoka juu.

Kiboko akaenda zake malishoni, kwa njia ndefu ya kuzunguka, kifua mbele.

Na funzo ni hili, wanangu, lishikeni: bosi hakosei. Akisema kimekufa, kimekufa. Muunge mkono, tena mbele ya watu wengi.

Ngano yangu imefunga majani. Anayesinzia akalale mapema, kabla hajatangazwa marehemu.