Bondia Gundumula wa Ng'ambo ya Mlima

Hapo zamani za kale, zile za kale hasa, wakati kunguru alipokuwa bado anabisha hodi kabla ya kuingia jikoni kwa watu, wanyama wa Majabalini walikuwa na bondia wao. Sogeeni msikie. Na wewe uliyekalia mkia wa paka, mwachie kwanza.

Bondia huyo alikuwa Nyati. Ulingoni walimwita Kishindo. Shingo kama gogo, kifua kama mlango wa ghala, na akitembea ardhi inaitikia: tii! tii! tii! Alikuwa amepigana mara kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili akashinda.

Ushindi ukamlevya. Asubuhi moja alisimama katikati ya kijiji akatangaza:

"Kuanzia leo chemchemi ni ya bingwa! Nitaoga mimi kwanza mpaka nitosheke. Mwenye neno tukutane ulingoni!"

Nani alikuwa na neno? Wote walitazama vidole vya miguu yao. Basi kila siku Kishindo akawa anajigaragaza chemchemini tangu alfajiri hadi alasiri, na maji aliyowaachia wenzake yakawa tope lenye manyoya. Chemchemi nyingine ilikuwa mwendo wa siku nzima.

Aliyeumia zaidi ni Bi Pimbi, mjane mdogo wa kimo, ungo mmoja ungemfunika asionekane. Alikuwa akikaanga vitumbua karibu na ulingo, na kwa maji yale vitumbua vikawa vinatoka na rangi ya kiatu. Hilo angelivumilia. Lakini kitinda mimba wake alianza kuharisha. Siku ya kwanza alilia sana. Siku ya pili alilia kidogo. Siku ya tatu hakulia tena, alimtazama tu mama yake.

"Basi," Bi Pimbi akasema moyoni. "Imetosha."

Asubuhi hiyo wateja wake wawili wa kila siku, Ngiri na Fisi, walikuwa wameshaketi kwenye benchi. Wote wawili walipenda ndondi kuliko chakula, na Fisi mnajua anavyopenda chakula.

"Kishindo hana mfano!" Ngiri akasema, meno yakimtoka. "Hajazaliwa na hatazaliwa bondia kama yule!"

"Wapi! Anasifiwa mno," Fisi akajibu. "Debe tupu lile."

"Kumi na mbili kwa kumi na mbili, unaita debe tupu?"

"Alimpiga nani? Hebu nitajie!"

"Alimpiga Kobe!"

"Kobe aliingia ndani ya gamba lake, mwamuzi akahesabu mpaka kumi. Kumbe huko ndani mwenzetu amelala fofofo!"

"Na Punda je?"

"Punda alikuwa ametoka harusini, kanywa togwa iliyochacha. Raundi nzima alikuwa anamrushia ngumi mwamuzi!"

"Twiga!" Ngiri akapiga benchi, pwaa! "Twiga alikuwa mzima!"

"Twiga aligonga kichwa kwenye tawi wakati anaingia ulingoni. Mkanda ule ungepewa tawi!"

Bi Pimbi alikuwa akigeuza vitumbua huku ametega sikio. Akauliza kwa upole, "Sasa Baba Fisi, kama Kishindo ni debe tupu, mbona wewe huendi kupigana naye?"

Fisi alimeza kitumbua kizima bila kutafuna. "Mimi? Mimi ni mchambuzi, mama."

Akili ya Bi Pimbi ilikuwa inakwenda mbio. Kumbe hakuna aliyejua nguvu za Kishindo ni kiasi gani. Pengine hata Kishindo mwenyewe hakujua. Kilichomfikisha juu ni maneno ya watu wa benchi hili hili. Akamimina rojo la unga kwenye mafuta, chwaaa! Kisha akasema kama mtu anayezungumzia mvua:

"Habari za Gundumula mmezisikia?"

Fisi akamtazama Ngiri. Ngiri akamtazama Fisi. Kila mmoja alikuwa tayari kupoteza mkia kuliko kukiri kwamba kuna bondia asiyemjua.

"Aaa, Gundumula!" Ngiri akawahi. "Namjua sana. Si yule wa ng'ambo ya mlima?"

"Huyo huyo," Fisi akadakia. "Anatumia mkono wa kushoto."

"Na wa kulia pia!"

"Wa kulia ndio hatari zaidi!"

"Basi anakuja Ijumaa kupigana na Kishindo," Bi Pimbi akasema. "Atafikia kwangu."

Hakuongeza neno. Hapakuwa na haja. Adhuhuri ilipofika, Gundumula alikuwa amempasua faru. Jioni alikuwa amewapasua faru wawili. Kesho yake aliwapasua wote wawili kwa ngumi moja, tena akiwa anakula. Walioapa kuwa Gundumula atashinda hawakusalimiana tena na walioapa kuwa atashinda Kishindo, na nyani mmoja alirudi kwa wazazi wake kwa sababu mkewe alisema Gundumula ana mkono mwepesi.

Habari zikamfikia Kishindo. Akaja kwa Bi Pimbi, tii! tii! tii!

"We mama! Huyo Gundumula ni nani?"

"Ni mgeni wangu, Bwana Bingwa. Karibu kitumbua."

"Nimekuuliza! Ni mkubwa?"

"Mh! Siwezi kukudanganya. Mimi nimemwona magoti tu. Kwingine kote kulikuwa juu."

Kishindo akarudi nyuma hatua moja. "Ijumaa nitakuja," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka hadi tumboni.

Bi Pimbi aliomba usiku na mchana Kishindo atoroke kabla ya siku hiyo. Hakutoroka. Ijumaa watu walifurika uwanjani mpaka wengine wakakalia mabega ya wenzao. Nyumba ya Bi Pimbi ilikuwa hatua chache tu kutoka ulingoni, mlango umefungwa. Ndani alikuwamo mavyaa yake, Bibi Kirembo, kibogoyo, ameshika mchi mbele ya kinu.

"Mama, ukinisikia nakohoa, twanga," Bi Pimbi alikuwa amemwambia.

"Nitwange nini? Kinu hakina kitu."

"Twanga hivyo hivyo, mama yangu."

"Marehemu mwanangu alioa mwendawazimu," Bibi Kirembo akasema. Lakini mchi aliuinua.

Kishindo akapanda ulingoni. Mbao zikalia, kwaa! Akanguruma, "Mleteni huyo mgeni!"

Bi Pimbi akakohoa. Mara kutoka ndani ya nyumba: du! du! du!

"Anapasha misuli!" Ngiri akapiga kelele.

"Hiyo ni misuli ya mkono mmoja tu!" Fisi akaongeza.

Masikio ya Kishindo yalitetemeka, lakini miguu haikusogea. Badala yake alishusha pembe akautazama ule mlango. "Asipotoka, nitamfuata humo humo ndani!" Akavuka kamba ya ulingo kwa mguu mmoja.

Hapo Bi Pimbi aliona giza. Mlango ule ungeanguka kwa pigo moja, na nyuma yake watu wangemkuta bibi kizee na kinu. Chemchemi ingekuwa ya Kishindo milele. Akamkumbuka mwanawe anavyomtazama. Bila kujua anafanya nini, alichomoa kamba ya kuanikia nguo, akarukia ulingoni.

"Subiri, Bwana Bingwa! Subiri kidogo, nisije nikalaumiwa. Simama wima."

Akaishika ncha ya kamba kwenye pembe, akaivuta mpaka mkiani, akafunga fundo. Akampima mapana. Akatikisa kichwa.

"Unapima nini?" Kishindo akauliza.

"Si kitu. Mh! Lakini u mpana, baba. Itabidi wachimbaji waongezwe."

"Wachimbaji? Wa nini?"

"Usijali. Ni desturi ya kwao Gundumula, hapendi mtu alale juani. Na ardhi ya huku ngumu, ndiyo maana ameomba waanze mapema." Akamtazama kwa huruma. "Ungependa kichwa kielekee mlimani au bondeni?"

Du! du! du! ikasema nyumba.

Jasho likamtoka Kishindo puani, tone, tone, tone.

"Mimi..." akasema. "Mimi leo goti linaniuma."

"Goti lipi, Bwana Bingwa?"

"Yote! Yote manne!"

Akaruka kamba ya ulingo, paa! Tii, tii, tii, titititi! Vumbi likatimka. Alipita vichakani, akapita chemchemini bila hata kugeuza shingo, akavuka mpaka wa Majabalini, na hakuonekana tena.

Watu wakaukimbilia mlango wa Bi Pimbi. Ngiri akausukuma kwa bega. Ndani wakamkuta Bibi Kirembo, anahema, mchi mkononi.

"Mnataka nini?" akafoka. "Nimeshasema kinu hakina kitu!"

"Hakuna Gundumula," Bi Pimbi akawaambia. "Hakuwahi kuwapo. Huyo mmemzaa nyinyi kwa midomo yenu, kama mlivyomzaa Kishindo. Haya, chukueni mitungi yenu."

Yeye hakungoja jibu. Alikwenda akasubiri chemchemi itulie, akateka maji meupe, akayachemsha, akayapoza, akamnywesha mwanawe kwa kifuu, funda kwa funda. Mtoto akalala. Siku ya pili yake aliamka, akaona kifuu kitupu, akafungua kinywa na kulia. Kilio kikubwa, cha hasira, cha mtoto mwenye nguvu. Bi Pimbi akaketi chini naye akalia, huku anacheka.

Na kule kwenye benchi, Ngiri na Fisi walikuwa bado hawajanyanyuka.

"Alitokea mlango wa nyuma," Ngiri akasema. "Nimemwona kwa macho yangu."

"Nyumba ile haina mlango wa nyuma."

"Basi dirishani! Bondia mwepesi yule, hujui?"

"Bondia gani?" Fisi akafyonza, fyuu! "Ameshinda bila kurusha hata ngumi moja. Anasifiwa mno huyo Gundumula!"

Nami nimefika mwisho wa njia, wanangu, na nililookota ni hili: sifa iliyopandishwa na midomo ya watu, midomo hiyo hiyo huishusha.