Unyoya wa Waridi na Mgongo wa Kiboko

— Nina hadithi kichwani!
— Itue tuione!
— Nikiitua mtaifanya nini?
— Tutaigeuza juu chini!
— Na mkiikuta na tundu?
— Tutachungulia!

Basi chungulieni.

Palikuwa na nchi iliyokatwa na mto. Upande huu waliishi wanyama wengi. Upande wa pili aliishi Bi Kakakuona, mganga mwenye kucha ndefu zilizoweza kutoa uvimbe mwilini bila kuacha mzizi. Kati ya pande hizo palikuwa na kivuko kimoja tu, na kivuko hicho kilikuwa cha Bwana Kiboko. Nani alimpa? Hakuna aliyekumbuka. Lakini aliyekanyaga maji yale bila idhini yake alirudi vipande viwili, au hakurudi.

Katika nchi hiyo aliishi Pimbi, jike mdogo asiye na pembe wala mkia, mwenye ila moja iliyowachosha majirani: hakupokea neno kabla ya kuliuliza lilikotoka. Shoga yake wa tangu utotoni alikuwa Digidigi.

Msimu wa kupanda, Digidigi aligusa kitu kigumu ndani ya titi lake, kidogo kama kunde. Msimu wa palizi kikawa kama kunazi. Matikiti yalipoiva, kilikuwa kama ndulele. Bi Kakakuona akatuma salamu kwa mdomo wa chiriku: "Mleteni maadamu uvimbe unateleza ukiguswa. Ukishashika mfupa, msinisumbue mimi wala msimsumbue yeye."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Pimbi aliweka kiganja chake juu ya titi la shoga yake, akabonyeza taratibu.

"Unateleza?" Digidigi huuliza.

"Unateleza."

Asubuhi ya pili:

"Unateleza?"

"Unateleza."

Asubuhi ya tatu Pimbi alikawia kujibu.

"Unateleza," alisema, "lakini kwa shida."

Sasa msidhani Bwana Kiboko hakujali maradhi ya akina mama. Alijali kwa sauti kubwa kuliko wote. Miaka mitatu nyuma alikuwa ametangaza Mwezi wa Unyoya. Katika mwezi huo kila jike alimletea tikiti moja, naye akamvika shingoni unyoya wa heroe, ndege wa majini, wa rangi ya waridi, mzuri usiochosha macho. Matikiti hayo, alisema, yangewalisha mafundi wa kuchonga mtumbwi wa kuwavusha wagonjwa. Matikiti yaliliwa miaka mitatu. Mtumbwi haukuonekana, wala fundi, wala hata gogo.

Alitunga na sheria: jike atakayevua unyoya kabla ya mwezi kuisha, huyo anawatakia wagonjwa kifo.

Siku hiyo ngoma ililia ndi! ndi! ndi! Digidigi akapandishwa juu ya kichuguu mbele ya umati.

"Tabasamu, mama, tabasamu!" Kiboko alinguruma. "Huyu ndiye shujaa wetu! Unyoya huu, ndugu zangu, umeokoa majike mia moja!"

Umati ukapiga vigelegele. Pimbi akanyoosha kiganja.

"Bwana Kiboko, shikamoo. Hao mia moja ni akina nani?"

"Marahaba. Ni wengi."

"Nitajie mmoja."

"Waliookoka wana haya. Hawapendi kutajwa."

"Na aliyewahesabu, naye ana haya?"

Wachache wakacheka. Nguchiro, aliyekuwa na manyoya manne shingoni, akamgeukia Pimbi kwa hasira. "Wewe nawe kwa kubisha! Watu wanalia na maradhi, wewe unadai majina!"

"Mimi namlilia mmoja, na jina lake ninalo," Pimbi alijibu. "Bwana Kiboko, tuvushe leo. Mgonjwa yuko juu ya kichuguu hapo, na mganga yuko ng'ambo."

Kiboko akapumua, fuuu! Maji yakaruka.

"Pimbi, usiharakishe mambo. Mwezi huu ni wa kutambua. Kutibu, baadaye."

"Mwenye uvimbe ameshautambua, Bwana. Analala nao. Anachokosa ni kivuko."

"Kutibu, baadaye!" Na ngoma ikalia tena, ndi! ndi! ndi!, ikafunika kila kitu.

Walipofika nyumbani, kwenye pango la Pimbi kati ya mawe, Digidigi aliacha kutabasamu. Shavu lilimuuma. Chozi likamdondoka, to! Likatua juu ya unyoya, na mara mstari mwekundu ukamteremka kifuani, ukapita juu ya titi lenyewe.

"Pimbi! Damu! Limepasuka!"

Pimbi hakupiga kelele. Alisogeza pua, akanusa. Alitoa ulimi, akaonja. Akanusa tena.

"Si damu," alisema. "Ni rangi."

Akauchukua unyoya, akauchovya kwenye maji yaliyotuama juu ya jiwe. Maji yakageuka mekundu. Unyoya ukatoka mweupe pe. Haukuwa wa heroe. Ulikuwa wa yangeyange, ndege anayeokota kupe migongoni mwa nyati, uliopakwa utomvu wa mti.

"Twende tukamwaibishe!" Digidigi alisema, akisimama. "Sasa hivi, mbele ya wote!"

Pimbi aliupima ushahidi ule kama anavyopima kila kitu. Wangemwaibisha, naam. Kiboko angenuna, angezama, angeweka meno yake kivukoni. Na Digidigi angekufa akiwa upande wa haki.

"Ukweli tunao, shoga," alisema mwishowe. "Lakini ukweli hauna mgongo wa kutuvusha. Upake tena unyoya wako."

Siku ya mwisho ya Mwezi wa Unyoya wanyama wote walikusanyika ukingoni. Pimbi alitangulia mbele, na nyuma yake walimfuata majike wanane, kila mmoja amegusa kitu asichokielewa katika titi lake: Digidigi, Nungunungu, Ngiri, Paa na wengine wanne. Wote walivaa unyoya.

"Bwana Kiboko," Pimbi alisema kwa heshima zote, "jina lako ni kubwa upande huu. Ng'ambo hakuna shingo hata moja iliyovikwa unyoya. Huoni kwamba ni hasara?"

Sikio la Kiboko likacheza. "Ng'ambo kuna matikiti?"

Pimbi akachagua maneno yake moja moja. "Sijawahi kusikia mtu aliyemaliza kula matikiti ya ng'ambo."

Kiboko akameza mate, gudu! "Basi ingieni majini. Leo nawapa idhini. Ogeleeni nyuma yangu."

"Tutaogelea kwa furaha! Si heroe anaishi majini? Unyoya wake hauogopi maji." Pimbi akageukia umati. "Kwanza tuyachovye manyoya yetu hapa hapa, wote mshuhudie yalivyo imara!"

"Msiyachovye!" Kiboko alifoka.

Ukingo mzima ukamgeukia.

"Kwa nini, Bwana?"

"Ni... ni manyoya ya heshima. Yavueni, nitayabeba mimi."

"Tuyavue kabla ya mwezi kuisha? Bwana Kiboko! Unataka tuwatakie wagonjwa kifo?"

Umati ukaguna. Kiboko aliutazama umati, akawaza matikiti, akautazama umati tena. Halafu, pasipo kuombwa na yeyote, akageuza mgongo wake mpana, akasema kwa sauti ya kubana meno:

"Pandeni."

Wakapanda, mmoja baada ya mwingine. Pimbi alikaa mbele kabisa, kati ya masikio mawili. Digidigi alikaa nyuma yake, akamshika kiuno.

Chubwi, chubwi, chubwi. Ukingo ukaanza kuwa mbali.

Chubwi, chubwi, chubwi. Maji yakawa meusi.

Katikati ya mto wimbi dogo liligonga ubavu wa Kiboko, pwaa! Matone yakaruka. Rangi ikaanza kutiririka kutoka shingo ya Digidigi, kutoka shingo ya Paa, ikamteremka Kiboko mgongoni hadi kwenye jicho. Kiboko akaacha kwenda. Akasimama mahali ambapo hakuna mwingine angeweza kusimama.

"Pimbi," alisema polepole. "Unajua."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu chozi moja."

"Basi nikizama sasa hivi, nani atasimulia?"

Maji yakapanda hadi kwenye kwato za Digidigi. Ngiri akaanza kulia. Pimbi hakugeuka. Akainama kwenye sikio la Kiboko, akasema neno kwa neno:

"Zama, Bwana. Sisi tutakwenda chini. Manyoya hayazami. Mkondo unapinda kuelekea ukingo ule walikosimama wote, na yatafika huko yote tisa, meupe pe. Yatasimulia yenyewe."

Maji yalifika magotini. Kiboko alipumua. Pimbi akahesabu pumzi: moja. Mbili. Tatu. Ya nne haikuja. Digidigi akafumba macho.

Fuuu! Kiboko akapumua. Mgongo ukainuka.

Chubwi, chubwi, chubwi.

Walipokanyaga mchanga wa ng'ambo, Bi Kakakuona alikuwa amekwisha kuchemsha maji. Hakusalimia sana. Alimlaza Digidigi, akaweka kucha moja juu ya titi, akabonyeza. Pimbi alishindwa kutazama.

"Unateleza?" aliuliza, na safari hii swali lilikuwa lake.

Bi Kakakuona akabonyeza tena, akakunja uso.

"Unateleza, kwa unywele mmoja tu," alisema. "Mshikeni miguu."

Nyuma yao Kiboko alikuwa anaranda ufukweni, anachungulia vichakani. Palikuwa na mawe, na miiba, na mawe mengine.

"Pimbi! Matikiti yako wapi?"

Pimbi, aliyekuwa ameshika mguu wa shoga yake kwa viganja vyote viwili, alimjibu bila kuinua kichwa:

"Usiharakishe mambo, Bwana. Mwezi huu ni wa kuyatambua. Kuyala, baadaye."

Kiboko akageuka kuelekea majini.

"Na utungoje hapo hapo," Pimbi aliongeza. "Tutarudi kwa mgongo ule ule. Manyoya bado tunayo."

Kiboko akangoja siku saba. Kati ya wale tisa, wanne hawakuwa na neno. Mmoja wao ni Pimbi mwenyewe, aliyejipima kwa kuwa hata nafsi yake hakuiamini bila ushahidi. Watatu walikuwa na jipu au maziwa yaliyoganda. Nungunungu alikuwa amechelewa. Mkono wake ulishikwa hadi mwisho, naye alizikwa ng'ambo, na hakuna aliyemwambia atabasamu. Digidigi alirudi na titi moja na kovu refu. Bi Kakakuona alikataa kumwahidi lolote. "Njoo msimu ujao nikuone," alisema, "na ujao wake." Akaja. Na ujao wake akaja pia, maana Kiboko hakuthubutu tena kukataa kuvusha.

Hadi leo kiboko akikaa nje ya maji, jasho lake lina wekundu. Wapo wasemao ni rangi ya yale manyoya, haikutoka. Wapo wasemao ni maumbile tu. Mimi sikuwapo, siapi.

— Hadithi nimeitua!
— Tumeigeuza!
— Tundu mmeliona?
— Tumeliona!
— Basi nifunge mzigo wangu niondoke?
— Acha funzo kwanza!

Funzo ni hili, nanyi akina mama mlishike sana: vaeni unyoya wa waridi, maana unaponya. Msiulize maswali, leteni matikiti, tabasamuni. Unyoya uliokoa maisha ya Digidigi, na mashahidi wapo. Sharti lake ni dogo tu: uvaliwe ukiwa umekaa juu ya mgongo wa kiboko, katikati ya mto, na mganga awe ng'ambo.

Mwenye ushahidi wa kinyume na aulete. Tutaupokea kwa mikono miwili, na kwanza tutauchovya majini.