Fundi Haulizwi Viatu

Fundi haulizwi viatu.

Bi. Siwazuri aliitamka methali hii katikati ya maongezi, na vijana waliokuwa wakimsaidia kupukuchua mahindi wakaacha kazi. Viatu na ufundi vinahusiana nini? Akawaambia waendelee kupukuchua huku wanasikiliza, maana asili ya maneno hayo ni hapa hapa Pangani, naye aliwajua wenyewe.

Palikuwa na bwana mmoja, Hatibu Mwinyikambi. Alifanya kazi Dar es Salaam miaka thelathini na ushei, na alipostaafu akarudi kwenye nyumba ya ukoo wao, ile ya mawe ya matumbawe inayotazama mto. Mama yake, Bi. Mwanamvua, alikuwa ameishi humo peke yake mpaka alipofariki mwaka uliotangulia. Kila Hatibu alipompigia simu kuulizia nyumba, mama alijibu, "Haivuji, mwanangu. Tulia." Naye Hatibu akatulia.

Sasa alizikuta kuta zina nyufa na lipu inapukutika. Lakini ukuta wa sebuleni ulikuwa mzima, na juu yake zilipangika safu tatu za zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, vimezungukwa na nakshi za chokaa nyembamba kama ushanga. Binti yake Salha alikuwa ameposwa. Hatibu akaazimia nikaha isomwe mbele ya ukuta ule, akatangaza mjini kwamba anatafuta mafundi.

Siku moja asubuhi alikuwa amekaa barazani na wakwe zake watarajiwa, watu wa Tanga wenye uwezo, akiwaeleza mipango yake. Akaja mzee mmoja, mwembamba, peku, miguu yake myeupe kwa chokaa mpaka kwenye vifundo.

"Hodi, baba. Nimesikia watafuta fundi."

Hatibu hakumwamkia. Alimtazama miguu, akawatazama wakwe.

"Fundi gani wewe huna hata viatu? Kanunue viatu kwanza, ndipo uje unitengenezee nyumba."

Wakwe wakacheka. Mzee alisubiri kicheko kiishe.

"Haya, baba. Ila ukuta huo usiupake saruji. Ni ukuta wa chokaa, lazima upumue." Akageuka akaenda zake.

Hatibu aliwaleta mafundi kutoka mbali, wenye kofia ngumu na mabuti. Wakabandua lipu ya zamani, wakapaka saruji nyumba nzima, pamoja na kuzizungushia zidaka. Kwa mwezi mmoja nyumba iling'aa, na Hatibu akatuma picha kwa kila mtu.

Kisha ikaja masika. Kuta zikaanza kutoka jasho. Unyevu uliofungiwa ndani ukaivimbisha saruji, ikaachana na mawe, na adhuhuri moja Hatibu akasikia kishindo sebuleni. Bamba zima la ukuta lilikuwa limeanguka, na zidaka pamoja nalo. Hakuumia mtu. Lakini nakshi zile zililala sakafuni vipande vipande, na Salha alikuwa amepiga magoti akijaribu kuviunganisha.

Hatibu akawapigia simu wale mafundi, hawakupokea. Akauliza Tanga, akauliza Bagamoyo. Mwishowe akaelekezwa kwa fundi mmoja wa Unguja, mwanamke aliyesifika kwa kutengeneza majumba ya kale. Yule mama alipomsikiliza, alishangaa.

"Uko Pangani, halafu wanitafuta mimi? Aliyenifundisha chokaa yuko ng'ambo yenu tu, Bweni. Ulizia Mzee Semboja. Utamjua, havai viatu."

Hatibu akaikumbuka miguu ile myeupe kwa chokaa. Alivuka na kivuko siku iliyofuata, na njia nzima alikuwa akitunga maneno. Akafika. Mzee Semboja alikuwa ameinama kwenye shimo akikoroga chokaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwana wa Mwanamvua." Akafuta mikono. "Pale darini, juu ya chumba cha marehemu, pameshika? Au panavuja?"

"Umepajuaje pale, mzee?"

"Si mimi niliyekuwa naziba? Kila mwaka kabla ya masika. Miaka kumi na minane."

"Mama hakuniambia."

"Alisema una mambo mengi, tusikusumbue."

Hatibu alitamani ardhi ipasuke. Miaka kumi na minane alidhani ni mawe ndiyo yaliyomkinga mama yake na mvua, na hakuwahi kuuliza ni mkono wa nani.

"Mzee, siku ile barazani nilikukosea."

"Ulinikosea," alisema Mzee Semboja. Hakulilainisha. "Na wageni walicheka. Lakini nyumba haikunikosea kitu. Nitakuja."

Akaja. Alipanda darini peku, juu ya lile paa bapa la chokaa, akaanza kutembea polepole, hatua baada ya hatua, akisimama hapa na pale. "Hapa pana uwazi," akasema. Walipochimba, wakaukuta. Mguu mtupu ulisikia kile ambacho buti halisikii. Hatibu alivua viatu vyake, akawa mtu wa kumchotea maji.

Saruji yote ikabanduliwa, chokaa ikapakwa, kuta zikakauka. Lakini Hatibu alipomwonyesha sanduku la vile vipande vya nakshi, mzee alikiinua kimoja, akakitazama, akakirudisha.

"Hizi alichonga baba yangu. Mimi kuchonga sikujaliwa. Waliojua wamekwisha."

Nikaha ilisomwa mbele ya ukuta mtupu. Mmoja wa wale wakwe wa Tanga alipouliza zile zidaka zimekwenda wapi, Hatibu angeweza kuisingizia mvua. Badala yake alisimama mbele ya watu wote, Mzee Semboja akiwa ameketi miongoni mwao, akasimulia kila kitu: miguu myeupe, kicheko, neno alilolitoa, na mama aliyekaa pakavu kwa wema wa mtu yule yule. Waliocheka barazani siku ile wakatazama mkeka.

"Msiniulize nilichopoteza," alimalizia. "Nawaombeni jambo moja tu, mkienda kwenu mkawaambie watoto wenu: fundi haulizwi viatu."