Jogoo wa Saa Tatu Usiku

Hapo zamani, nayo si ya mbali, ni zamani ya simu za mkononi, jogoo aliwika saa tatu usiku. Aliwika mara moja tu. Simu ikamsikia.

Ilikuwa simu ya Hizza, na Hizza alikuwa katika mtihani. Stoo ya chanjo ilitaka msimamizi mpya. Kila mwombaji alitakiwa ajifungie nyumbani kwake, peke yake, ajibu maswali hamsini kwa simu, nayo simu irekodi sauti. Waombaji walikuwa wawili, Hizza na Shekue, wote wahudumu wa stoo, wote wenye vyeti. Shekue akapata thelathini na moja. Hizza akapata hamsini.

Bi Mwajabu, afisa utumishi, akasikiliza rekodi. Ya Shekue ilikuwa kimya, kikohozi tu. Ya Hizza ikawika.

"Hizza, unafuga kuku?"

"Sifugi, Bi Mwajabu. Nimepanga ghorofa ya tatu."

"Basi huyu jogoo alipanda ngazi? Ulikuwa kwa nani? Nani alikujibia?"

Hizza hakumtaja mtu, siku ya kwanza wala siku ya pili. Bi Mwajabu akawatungia mtihani mwingine, wakaufanya ofisini, mbele ya macho yake. Shekue akapata thelathini na moja tena. Hizza akapata thelathini na tatu.

Siku ya tatu akawaita wote.

Shekue akasema, "Kazi ni yangu. Nimepimwa mara mbili, nimepata kilekile mara mbili. Alama zangu hazina manyoya."

Hizza akasema, "Kazi ni yangu. Nilidanganya, sikatai. Lakini hata peke yangu nimekupita, kaka. Na umeme ukikatika, wewe hubahatisha. Mimi huuliza anayejua."

"Humuuliza nani?" akadakia Bi Mwajabu. "Mtaje, au leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye ndoo. Alikuwa amepiga deki stoo ile miaka kumi na mmoja. Walimwita Mama Deki, na hakuna aliyewahi kumuuliza jina jingine.

"Mwacheni mtoto wa watu," akasema. "Jogoo ni wangu. Majirani wanasema anayewika usiku achinjwe, mimi nimekataa. Na majibu yale hamsini ni yangu pia."

Bi Mwajabu akamtazama, akatazama ndoo. "Nitajuaje chanjo iliyowahi kuganda?"

"Itikise pamoja na nzima, uziweke mezani. Iliyoganda, unga wake hutuama chini upesi. Usimpe mtoto."

"Na umeme ukikatika?"

"Usifungue jokofu."

"Nani alikufundisha?"

"Mlikuwa mkifundishana, nami napiga deki. Halafu Jumapili, nyie mko makwenu, nani husoma kipimajoto?"

"Mbona hukuomba kazi?"

"Tangazo lilitaka cheti cha kidato cha nne. Mimi niliishia darasa la saba."

"Ulijua kumjibia ni kosa?"

"Nilijua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Gari la chanjo lingeingia kesho yake asubuhi, na fomu ya msimamizi wa kulipokea ilikuwa na nafasi ya jina moja. Bi Mwajabu akashika kalamu.

"Hilo la Mama Deki si jina. Unaitwa nani?"

Mwanamke akatua ndoo.

"Namkunda," akasema. "Namkunda Mrindoko."

Kalamu bado iko hewani, ninyi mnaonisikiliza. Aliyepata kidogo kilicho chake, aliyedanganya akampita, au aliyejua yote lakini akamjibia mwenzake mtihani: je, nani alistahili?